Vifuko vya Tegu wa Mbwa: Hatua Zake na Majina Yake

Nakusudia katika makala haya kueleza jambo la utabibu ambalo, kwa maoni yangu, ni jambo la lugha pia: jinsi madaktari wanavyozipanga hatua za vifuko vya maji vinavyoota tumboni mwa mtu kwa ajili ya tegu wa mbwa, na jinsi hatua hizo ziwezavyo kutajwa kwa Kiswahili bila ya kumpoteza mgonjwa. Simdhanii msomaji kuwa ni daktari, wala mimi si daktari. Maneno ndiyo yaliyonivuta katika habari hii.

Tuanzie karibu, Kariakoo. Asubuhi, mbele ya bucha yoyote kando ya Mtaa wa Msimbazi, utamwona mnunuzi akiligeuza ini huku na huku kabla ya kulilipia. Analitafuta lengelenge. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka bara, mikoa ya wafugaji. Huuzwa mnadani Pugu, na wengi huchinjwa Vingunguti, juu ya bonde la Mto Msimbazi. Mkaguzi wa nyama alipasuapo ini au pafu huweza kukuta humo kifuko cheupe, kigumu kidogo kwa kukibonyeza, chenye maji maangavu ndani. Kipande hicho hukatwa na kuharibiwa. Basi mnunuzi huogopa kwamba akila ini lenye kifuko naye ataota kifuko. Hofu hiyo yafahamika, lakini imeelekezwa mahali pasipo pake. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula kifuko. Anayeupata kwa njia hiyo ni mbwa.

Mbwa akila ini au pafu lenye kifuko kilicho hai, vichwa vidogo vya tegu vilivyomo humo hujishikiza katika utumbo wake mwembamba na kukua kuwa tegu kamili. Msomaji asifikirie tegu yule mrefu wa ng'ombe au wa nguruwe, apimwaye kwa mita. Tegu huyu, ambaye wataalamu humwita Ekinokokasi, ana urefu wa milimita chache tu, na pingili tatu au nne. Na mbwa mmoja aweza kubeba maelfu bila ya kuonyesha dalili. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya, majani, maji na mikono. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala malishoni. Binadamu huyala kwa bahati mbaya: mtoto anayecheza na mbwa, mama anayemfukuza mbwa kwenye chungu kisha akashika unga. Yai likipasuka utumboni, kiluwiluwi chake hupenya katika damu na kuchukuliwa mpaka kwenye ini, na huko ndiko hukwama mara nyingi, yapata wagonjwa 7 katika kila 10. Wengine hupata kifuko pafuni, na wachache penginepo: wengu, figo, mfupa, hata ubongo.

Mkazi wa Msimbazi, basi, hana sababu kubwa ya kuliogopa ini la buchani, ila anayo sababu ya kutaka kwamba makombo ya machinjio yasifike kwa mbwa. Wenye hatari zaidi ni wale walioko mwanzo wa safari ya ng'ombe, katika maboma ya wafugaji. Ndiyo maana habari hii, ijapokuwa nimeianzia Kariakoo, haina budi kwenda kaskazini.

Hakuna mahali katika Afrika ya Mashariki palipojulikana kwa ugonjwa huu kama Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Huko mbwa hulala ndani pamoja na watu, hulamba vyombo, na zamani walitumiwa hata kuwasafisha watoto wachanga. Madaktari wa AMREF, lile shirika la madaktari warukao lililoanzishwa mwaka 1957, walikuwa wakiwapasua wagonjwa wa Turkana kwa miaka mingi, na mwaka 1983 ikaanzishwa huko kazi maalumu ya kuuzuia ugonjwa. Zamani ugonjwa ulitambuliwa kwa tumbo lililofura. Asiyefura alihesabiwa mzima.

Mambo yalibadilika pale mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti ilipokuwa ndogo kiasi cha kupakiwa katika gari na kuwashwa kwa umeme wa jenereta chini ya mti. Katika miaka ya 1980 Calum Macpherson na wenzake, akiwamo Anne Spoerry, yule daktari mrusha ndege aliyejulikana sana Kenya, walizunguka na mashine hiyo miongoni mwa wafugaji wa nchi kadhaa, Wamasai wa Tanzania wakiwa baadhi yao. Habari zao zilitolewa mwaka 1989: watu zaidi ya 18,000 walipimwa. Katika sehemu za kaskazini-magharibi mwa Turkana walionekana wenye vifuko zaidi ya 5 katika kila watu 100. Kwingineko walikuwa wachache zaidi, lakini walikuwako. Mwaka 1987 ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwamba picha hiyo hugundua vifuko ambavyo kipimo cha damu hakivioni.

Lakini jambo lililowashangaza wapimaji, na ambalo ndilo msingi wa makala haya, halikuwa wingi wa vifuko. Lilikuwa kwamba vifuko havikufanana. Kimoja cheusi tupu kama kisima. Kingine kimejaa vifuko vidogo kama sega la nyuki. Kingine kimekauka na kuwa chokaa, na mwenye nacho hajaumwa hata siku moja. Ikabidi kuuliza: je, haya ni maradhi mbalimbali, au ni ugonjwa mmoja katika umri mbalimbali?

Hapa namwomba msomaji arudi nami Kariakoo kwa muda, kwa muuza madafu. Hulichukua dafu, akaligonga kwa kisu au kwa kidole, akasikiliza. Kwa mlio hujua kama ndani maji ni mengi, au nyama imeanza kuwa ngumu. Mashine ya mawimbi ya sauti hufanya kazi iyo hiyo. Sikio letu halisikii sauti ipitayo mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Mashine hutoa sauti ya mitikisiko milioni kadhaa, huielekeza tumboni, kisha hungoja mwangwi. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi. Nyama ya ini hurudisha kiasi, ikaonekana kijivu. Chokaa na mfupa hurudisha wote, vikang'aa, na nyuma yake huwa kivuli. Hewa huizuia sauti, ndiyo maana kifuko cha pafuni hutafutwa kwa eksirei.

Nazi imenifaa kwa sababu nyingine pia. Kiswahili hakina jina moja la tunda la mnazi. Kina kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata. Na ile ambayo maji yake yamegeuka kuwa kitu laini kama sifongo huitwa joya. Hakuna Mswahili asemaye «nazi ya hatua ya tatu». Jina lenyewe humwambia mtu lina nini ndani na lafaa kwa kazi gani: hakuna akunaye dafu, wala anywaye mbata. Mambo ya vifuko yalipofika kwenye kuainishwa, madaktari walichagua nambari, na nambari hizo, kama nitakavyoonyesha, zimeleta hatari ambayo majina yasingeileta.

Mpango wa kwanza uliokubaliwa na wengi ulitoka Afrika, nchini Tunisia, ambako ugonjwa huu ni wa kale miongoni mwa wafuga kondoo. Mwaka 1981 Hassen Gharbi na wenzake walitangaza aina tano. Ya kwanza ni kifuko cha maji matupu. Ya pili ni kifuko ambacho utando wake wa ndani umebambuka na kuelea. Ya tatu ni chenye vifuko vingine ndani yake. Ya nne ni kilichochanganyika, hakina maji ya kuonekana. Ya tano ni chenye ukuta mnene wa chokaa. Mpango huu ulikuwa mzuri, na mpaka leo wako wanaoutumia. Gharbi alieleza kile jicho linachokiona. Hakukusudia kuyapanga mambo kwa mfuatano wa maisha ya mdudu.

Baadaye kikundi cha wataalamu kilicho chini ya Shirika la Afya Duniani kilikaa kuupanga upya, na mwaka 2003 kikatoa mpango unaotumika sasa. Humo hatua hutajwa kwa herufi CE pamoja na nambari. Swali lao lilikuwa moja: mdudu yu hai, anadhoofika, au amekufa? Nitazieleza hatua hizo kwa mfuatano, nikikawia pale panapohitaji.

Kabla ya zote kuna kifuko ambacho hakijulikani, wakakipa herufi CL. Ni maji tu, hakina ukuta wa kuonekana. Chaweza kuwa cha tegu katika siku zake za mwanzo; chaweza pia kuwa kifuko cha kawaida cha ini ambacho mtu amezaliwa nacho na kitazikwa naye. Huyu asitibiwe mpaka ithibitike.

CE1 ni dafu. Ni duara, meusi ndani, ila ukuta wake una mistari miwili myeupe iliyoambatana, nao ndio alama yake. Mgonjwa akigeuzwa upande, huweza kuonekana chembe zikinyanyuka na kutua taratibu kama mchanga katika mtungi ulioshtuliwa. Mchanga huo ni vichwa vya tegu. Mdudu yu hai kabisa, na maji yamo kwa nguvu nyingi.

CE2 nayo ni hai, lakini imezaa. Ndani ya kifuko kikubwa mmejaa vifuko vidogo, vikibanana hata picha ikafanana na sega la nyuki au gurudumu la baiskeli na njiti zake. Kila kimoja kina maji yake na ukuta wake, na hilo litakuwa na maana tukifika kwenye tiba.

CE3 ni hatua ya mpito, nayo baadaye ilibidi kugawanywa mara mbili, kwani ilionekana kwamba chini ya nambari moja kulikuwa na mambo mawili yasiyofanana. Katika CE3a nguvu ya maji imepungua, utando wa ndani ukabambuka kutoka ukutani na sasa waelea umejikunja, mfano wa majani ya yungiyungi bwawani. Kifuko hiki chaweza kufa chenyewe, au kufa kwa dawa. Katika CE3b kifuko kimekwisha kujaa kitu kizito, hata mtu angedhani kimekufa, lakini katikati ya uzito huo mna vifuko vidogo vilivyo hai. Huyu ni mdanganyifu.

CE4 ni joya. Maji hayamo tena; mna kitu kilichovurugika, kijivu na cheupe, mara nyingi kama bonge la uzi wa sufu. CE5 ni mbata iliyosahauliwa darini: ukuta umegeuka chokaa, unang'aa kama upinde, na nyuma yake kivuli. Hizi mbili huhesabiwa kuwa zimelala.

Mfano wa nazi unakoma hapa, nami sitaki msomaji aufuate kupita kiasi. Mbata hairudi kuwa dafu. Kifuko kilichofika CE4 chenyewe, kwa miaka yake, aghalabu hubaki hivyo. Lakini kilichofikishwa CE4 kwa dawa huweza kuamka tena na kurudi CE3b. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hupigwa picha tena na tena kwa miaka.

Sasa tutazame hatari niliyoitaja. Linganisha mipango miwili. «Aina ya pili» ya Gharbi ni yungiyungi, yaani CE3a. Lakini «pili» ya mpango mpya, CE2, ni sega la nyuki, ambalo kwa Gharbi ni aina ya tatu. Na «tatu» ya mpango mpya, kwa sehemu yake ya kwanza, ni ya pili kwa Gharbi. Daktari aandikaye kwa Kiingereza huweka herufi mbele ya nambari, na mwenziwe akielewa mambo hajambo. Lakini habari ikigeuzwa kuwa Kiswahili, kwa mdomo, kwa mgonjwa au kwa muuguzi wa zahanati ya mbali, herufi huanguka njiani. Hubaki maneno «kifuko cha daraja la pili». Ya mpango upi? Na tazama jinsi tiba zinavyoachana.

Kifuko cha CE1 au CE3a kisichofika sentimita 5 huweza kutibiwa kwa vidonge tu, dawa ya albendazoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kila siku, zikigawanywa mara mbili na kuliwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa miezi 3 hadi 6. (Mwanamke mwenye mimba changa hapewi.) Kikipita sentimita 5, huongezwa sindano. Njia hii nayo ilianza kutangazwa na madaktari wa Tunisia mwaka 1986. Sindano ndefu huongozwa kwa picha ya sauti, ikipitishwa kwanza katika nyama ya ini yenyewe, maji hunyonywa, hutiwa spiriti kali au maji ya chumvi nyingi ili kuua vichwa vya tegu, kisha hunyonywa tena. Mgonjwa huanza vidonge saa zisizopungua 4 kabla ya sindano, na huendelea mwezi mmoja baadaye. Dawa za mzio hazina budi kuwa tayari mkononi, kwa sababu maji ya kifuko yakimwagika tumboni huweza kumzimisha mtu ghafula, na kila kichwa kilichomwagika huweza kuota kifuko kipya. Tena maji yaliyonyonywa hupimwa kwanza kama yana nyongo. Yakiwa nayo, maana yake kifuko kimetoboka kuingia katika mifereji ya nyongo, na spiriti ikitiwa humo itaiunguza mifereji hiyo.

Kifuko cha CE2 au CE3b hakifai kwa sindano hiyo ya kawaida. Ukikitoboa kifuko kimoja kidogo, vingine ishirini vimebaki na maji yao. Hapa kazi ni ya mpasuaji, au ya mpira mnene uwezao kutoa vyote vilivyomo. Na kifuko cha CE4 au CE5 kisicho na usumbufu huachwa. Hakikatwi, hakitobolewi, hakipewi dawa. Hutazamwa tu kwa picha mara kwa mara.

Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kulieleza kwa mgonjwa, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mfikirie mfugaji aliyetoka Ngorongoro, akauza ng'ombe wawili apate nauli na gharama, akafika katika hospitali kubwa ya mjini. Anaambiwa ana «uvimbe kwenye ini». Neno uvimbe, kwa watu wengi siku hizi, lasikika kama saratani. Kisha anaambiwa arudi nyumbani, hatafanyiwa kitu. Atafahamu nini, ila kwamba amekatiwa tamaa, au kwamba hakutoa chochote? Wengine huenda kwingine mpaka wapate mtu wa kuwapasua, na upasuaji wa ini si jambo dogo hata mikononi mwa mabingwa. Laiti angeambiwa kwamba kifuko chake kimekauka, mdudu aliyekuwamo amelala, kilichobaki ni chokaa, na kwamba atatazamwa tena baada ya miezi kadhaa, mambo yangalikuwa mengine.

Naona basi kwamba yafaa tuache neno uvimbe katika habari hii, tushike «kifuko», na kila hatua ipewe jina la Kiswahili litakalotangulia herufi na nambari, wala lisizifute. Kwa CL napendekeza «kifuko kisichojulikana». Kwa CE1 «kifuko maji». Kwa CE2 «kifuko wana», kwa kuwa vile vidogo kwa kweli huzaliwa katika ukuta wa kile kikubwa, na watu wa upasuaji wenyewe huviita watoto. Kwa CE3a «kifuko yungiyungi», jina ambalo picha yenyewe hulitaja. Kwa CE4 «kifuko joya». Najua kwamba wa bara wasioijua minazi hawatalitambua neno hilo, lakini waliweza kujifunza maneno magumu kuliko hili, na kama halikubaliki, «kifuko sufu» litatosha. Kwa CE5 «kifuko chokaa». Wala jina peke yake halitoshi katika karatasi ya kipimo: pawepo na upana kwa sentimita, mahali kilipo katika ini, na jina la mpango ulioitoa nambari.

Imebaki CE3b, nayo imenishinda. «Kifuko joya chenye wana» ni kweli, lakini ni refu mno kwa midomo ya watu wenye kazi, na likifupishwa litakatika kwenye «joya», yaani mahali pabaya kuliko pote, kwani mgonjwa wa CE3b ataachwa kama wa CE4 na wana watakua. Nimepata kufikiri «kifuko kiamkacho». Wafugaji wa ng'ombe, ambao hupasua maini mengi kuliko sisi wa pwani, huenda wanalo neno tayari katika lugha zao kwa ini la namna hiyo, na lingefaa kuulizwa kabla ya kubuniwa jipya.